Kibanda cha Ishara Juu ya Kilima

Wahenga waliposema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, hawakuitukana fimbo. Watu wengi husahau jambo hilo. Fimbo yenyewe yaweza kuwa ya mti mgumu, iliyonyooka na kukaushwa vizuri, na mwenye fimbo akawa mtu mwenye shabaha na mapenzi tele. Lakini nyoka yuko hapa mlangoni, na fimbo iko kule. Uzuri wake utamfaa nani? Mzee Abdias Muyisa wa Butembo aliijua methali hii kwa mikono yake kwa muda wa miaka thelathini na mmoja. Kuijua kwa moyo ndiko kulikomchelewea, na kwa sababu ya kuchelewa huko nimeona niandike kisa hiki.

Abdias alizaliwa Kipese, kwenye baridi ya milima ya Lubero, lakini ujana wake wote aliumalizia kusini, Katanga, katika kazi ya reli. Alikuwa mshika ishara. Katika Butembo nzima hakuna aliyeijua kazi hiyo, kwa kuwa reli haijawahi kufika huko, basi nitaieleza kidogo. Mshika ishara hukaa katika kibanda kando ya njia, mahali ambapo reli moja inaachana na nyingine. Ndani ya kibanda mna safu ya mikono ya chuma. Akivuta mkono mmoja, ulimi wa reli unasogea na treni inashika njia ya kushoto. Akiurudisha, treni inashika ya kulia. Akivuta mwingine, ubao mwekundu unainuka nje na dereva anajua kwamba ameruhusiwa kupita. Abiria hawamwoni mtu huyo wala hawamjui jina, ilhali roho zao zote zimo mikononi mwake.

Vita vilipoanza na treni zikakoma, Abdias alirudi nyumbani na mkewe Jokébed. Bahati haikuwa yao. Mwaka wa pili Jokébed alifariki dunia, na mzee akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba viwili huko mteremkoni. Jamani, upweke ni ugonjwa usiouziwa dawa! Kwa mazoea alipika sombe, yaani majani ya muhogo, ya watu wawili, akala ya mtu mmoja, na iliyobaki akawamwagia kuku wa jirani. Hakuwa na mtu wa kuongea naye habari za treni. Akitaja mataruma, yale magogo yanayobeba reli, au mabehewa, watu walimwitikia kwa adabu, "Eeh, papa," kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao ya kahawa na maharage.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Hadassa, aliyeolewa Beni, kilomita hamsini na nne upande wa kaskazini. Mume wa Hadassa, Salomon, alikuwa amekwenda Manguredjipa kutafuta dhahabu, na tangu aende hakuleta neno wala salamu. Nyuma yake Hadassa alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Mathe. Mtoto huyo alifikisha miezi minane bila babu yake kumtia machoni hata siku moja. Ukimwuliza Abdias sababu, alikuwa nayo tayari mdomoni: kwa desturi aliyoachiwa na baba yake, baba mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, na siku zile za vizuizi vya askari, nani angekwenda Beni na kurudi siku hiyo hiyo? Desturi ni kitu chema, wala sitaki kuidharau. Ila niseme kweli: magoti yake nayo yalimuuma, na pale kwake palikuwa na kiti chake na jiko lake la makaa.

Badala ya kwenda, alisema na Hadassa kwa foni, ile redio ya upepo ambayo wakati huo ndiyo iliyounganisha miji yetu. Kila Jumatatu alasiri alivaa koti lake la reli, akapanga foleni karibu na soko na kungoja zamu. Wengine waliingia mle wakalia, wakacheka, wakasalimia ukoo mzima mpaka mwenye foni akawafukuza. Abdias hakuwa na mambo hayo, ng'o! Reli ilimfundisha kwamba amri iwe fupi, isemwe mara moja, isijadiliwe. Alimwamuru binti yake: panda maharage, usimwuze mbuzi, usimpe mtu chumba cha nyuma. Akitaka binti ajibu alisema, "À toi," yaani zamu yako; akimaliza alisema, "Terminé," na mtambo ukazimwa. Alitoka pale kifua mbele, akiamini kwamba anaiendesha nyumba ya Beni kama alivyoziendesha treni za Katanga.

Jirani yake alikuwa mwalimu Kaswera, mwanamke mjane aliyefundisha darasa la tano katika shule ya kanisa. Mwishoni mwa mwaka 2002 Kaswera alikuja kwake na ombi.

"Papa Abdias, batoto yangu banasoma treni mu kitabu. Banasema ni lori murefu tu. Wewe ulifanya ile kazi. Ututengenezee hata kadogo, baone."

Macho ya mzee yaling'aa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi mtu kumwuliza juu ya treni.

"Nikitengeneza, nitatengeneza ya kweli," alijibu. "Kila kitu ku fasi yake. Batoto hapana kudanganywa."

Basi alianza. Alitandika mbao juu ya meza ndefu, akatumia spoki za baiskeli kuwa reli na vipande vya mwanzi kuwa mataruma. Kichwa cha treni alikikata katika kopo la maziwa, na mabehewa manne akayafanya kwa viberiti alivyovigundisha. Magurudumu aliyachonga kwa kisu, moja baada ya jingine, akayatia ukingo ili yasiruke nje. Ulimi wa reli ulisogea kwelikweli: uzi wa pamba ulitoka kwenye msumari uliokuwa ndani ya kibanda, ukapita mezani, ukauvuta. Kwa majuma mengi nyumba yake ilinuka gundi na vumbi la mti, na yeye alisahau kwamba yuko peke yake. Alijisemea kwa sauti, akajijibu, akacheka.

Kilichomtatiza ni kibanda cha ishara. Kukijenga hakukumtatiza, alikijenga vizuri, madirisha pande tatu, ngazi ya njiti, paa la bati la kopo. Swali lilikuwa akiweke wapi. Utashangaa nikikuambia alipokiweka. Mwisho mmoja wa meza alikuwa amefinyanga kilima cha udongo, na mwisho huohuo ndipo kilipokuwa kiti chake, na chini ya kiti jiko la makaa. Alikiweka kibanda juu ya kile kilima, ili avute msumari akiwa amekaa na miguu yake ikipata joto. Uzi ukalazimika kuzunguka misumari mitatu njiani ndipo uufikie ulimi wa reli upande wa pili wa meza. Majirani waliopita kuchungulia walisifu mno. Kwetu nyumba ya heshima hukaa mlimani, iwe ya chifu, iwe ya wamisionari. "Ah, hii ndiyo nyumba ya mukubwa wa treni!" walisema. Abdias alijua fika kwamba kibanda hakikai hivyo, lakini sifa ni tamu na jiko lilikuwa na moto, akafyata ulimi.

Katika siku hizo habari zilifika kwamba vita vinashuka kutoka upande wa Mambasa kuelekea Beni. Jumatatu ile foleni ya foni ilikuwa ndefu kuliko siku zote, na watu waliotoka chumbani walitoka wakiwa wamejishika vichwa. Zamu ya Abdias ilipofika, sauti ya Hadassa ilikuja ikipanda na kushuka ndani ya mikwaruzo.

"Papa, bantu ya Beni banakimbia. Jirani karibu bote banakuja Butembo. Nikuje na mimi? À toi."

Abdias alifikiri. Alikumbuka vita vya kwanza, jinsi waliokimbilia barabarani walivyoporwa na kunyeshewa, na wengine hawakufika walikokwenda, wakati majirani zao waliojifungia ndani walipona.

"Hapana kutoka," alisema. "Funga mulango, ubaki. Vita haitaingia Beni. Usitoke mpaka mimi nikuambie. À toi."

"Mais papa, tena mutoto..."

"Nimesema. Usitoke mpaka nikuambie. Terminé."

Alitoka nje, akampisha mwingine. Njiani alijipongeza kwa kuwa hakutetereka. Watu wazima wazima walikuwa wakilia barabarani, lakini yeye alitoa amri iliyo wazi, na binti yake alikuwa mtiifu tangu utotoni. Nani angempata mtoto kama huyo?

Jumanne na Jumatano Butembo ilifurika watu wa Beni. Walilala makanisani, shuleni, kwenye baraza za maduka, wakiwa na magodoro na sufuria na mbuzi. Abdias aliwatazama akiwa mlangoni kwake, akawahurumia, akarudi mezani. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya mji na haukuondoka mchana kutwa. Alipaka vilima rangi ya majani. Aliichora stesheni saa ndogo ukutani. Mara mbili tatu moyo wake ulimwuma asijue kwa nini, akaongeza makaa jikoni akidhani ni baridi.

Alhamisi saa nane hivi mwalimu Kaswera alikuja kuiona kazi ilipofikia. Alizunguka meza mikono mgongoni, akiguna kwa furaha.

"Papa, wasingya, aksanti sana! Batoto batalala hapa hapa," alisema. "Iendeshe basi, nione."

Abdias alikaa kwenye kiti chake, akavuta msumari wa kibandani, akaisukuma treni kwa kijiti. Kichwa kilishika njia ya kushoto, kikaenda vizuri, kikatokea upande wa pili wa kilima. Mzee aliinua mkono kwa fahari. Papo hapo ikasikika kelele ndogo nyuma ya kilima. Mabehewa matatu yalikuwa yamekifuata kichwa, la nne likashika njia ya kulia, likayavuta mengine, na yote manne yakalala ubavu juu ya mataruma.

"Yesu wangu! Imeanguka!" Kaswera alisema, akashika mdomo ili asicheke.

Abdias aliinuka, akazunguka meza. Aliona mara moja. Ule uzi mrefu ulikuwa umenywa unyevu wa ukungu wa siku tatu, ukalegea. Msumari ulivutwa wote, lakini ulimi wa reli ulisogea nusu tu, ukabaki unachezacheza pale katikati.

"Mais nikuulize, papa," Kaswera alisema, naye ameinama mpaka jicho lake likawa sawa na dirisha la kibanda. "Mutu wa ku hii kanyumba, anaonaka nini? Mimi naona kichwa ya treni tu. Ingine yote iko nyuma ya mulima."

Mzee alipojibu, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeungama.

"Haoni kitu. Ku kazi, kibanda inakaa karibu ya ulimi wa reli, hatua chache tu. Ile ni sheria ya kwanza. Waya ikiwa murefu, jua itaivuta, mvua itailegeza. Wewe unavuta huku, kule hapana kusikia. Na sheria ya pili, mutu ya kibanda lazima aone taa ya behewa ya mwisho. Ukiona kichwa imepita, haujaona treni. Ungoje mukia."

"Unajua vile, na uliiweka kule?"

"Sababu kiti yangu iko kule," alisema Abdias.

Kaswera hakumcheka. Mzee alikibandua kibanda kutoka kilimani kwa kisu, akakileta chini kando ya njia, mahali reli mbili zinapoachana, akakata uzi ukabaki na urefu wa kiganja. Alipiga magoti sakafuni, maumivu na yote, macho yake yakawa sawa na meza. Akavuta. Ulimi wa reli ukagonga tap, ukashika barabara. Treni ikapita, kichwa, behewa la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kaswera alipiga makofi.

Abdias hakupiga makofi. Alibaki amepiga magoti, na mkono wake ukibaki kwenye msumari. Kuna sentensi aliyoikata Jumatatu, na sasa ilimrudia nzima, na sauti yake, na mikwaruzo yake.

"Alitaka kusema nini?" aliuliza.

"Nani, papa?"

"Hadassa. Alianza kusema juu ya mutoto, mimi nikakata."

Hakungoja jibu. Alitoka bila koti, akashuka mpaka kwenye foni, akapenya foleni huku watu wakimpigia kelele kuwa mzee hana haya. Mwenye foni alimtazama kwa huruma. "Papa, Beni haijibu tangu Jumanne. Yule wa kule alikimbia na bantu bengine." Hadassa aliambiwa asitoke mpaka aambiwe, na sasa hapakuwa na njia ya kumwambia. Abdias alimjua mtoto wake. Kama dunia nzima ingehama, yeye angebaki amekaa mlangoni akingoja ruhusa.

Ijumaa asubuhi alifunga nyumba, akamwachia Kaswera ufunguo na treni, akashika barabara ya kaskazini kwa miguu. Hakuna gari lililokuwa likienda huko. Malori yote yalikuja yakimkabili, yamejaa watu mpaka juu ya paa, na kando ya malori walikuja wanawake wenye mizigo vichwani na wanaume wakisukuma chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizobeba vitanda na wagonjwa. Maelfu ya watu walikuwa wakienda kusini, na mzee mmoja mwenye magoti mabovu alikuwa akienda kaskazini. Walimpisha kama wanavyompisha kichaa.

"Papa, unaenda wapi? Kule bantu banatoka!" mwanamke mmoja alimwambia.

"Kule kuna mutoto yangu," alijibu, akaendelea.

Alitazama uso wa kila mwanamke kijana aliyebeba mtoto mgongoni. Mara nyingine alisimama, akamwita mtu kwa jina la binti yake, na mwanamke mgeni akageuka. Jioni alifika Maboya, akalazwa na shemasi kwenye benchi la kanisa. Hakupata usingizi. Alijaribu kuufikiria uso wa mjukuu wake, akagundua kwamba hana cha kuufikiria, kwa sababu hakuwahi kuuona. Akalia, mtu mzima, peke yake kwenye benchi. Na nani wa kumlaumu isipokuwa yeye mwenyewe?

Alifika Beni Jumamosi alasiri. Mji ulikuwa kimya, joto lake limetulia juu ya michikichi, milango imefungwa, na mbwa walioachwa wakimfuata kwa matumaini. Hakukuwa na vita. Hakukuwa na moshi wala nyumba iliyovunjwa. Kwa muda mfupi moyo wake ulipata raha, akasema, "Nilimwambia!" Kisha akaona uani kwa Hadassa moto unawaka mchana, na mkeka umetandikwa chini kando yake, akajua moto ule ni wa matanga.

Kando ya moto alikaa Godelive, kikongwe wa jirani ambaye mguu wake mbovu ulimzuia kukimbia. Hadassa alikuwa juu ya mkeka, kitenge chake cha kubebea mtoto amekikunja na kukiweka mapajani. Aliinua macho, akamwona baba yake mlangoni mwa ua, asiinuke.

"Papa, ulikuja kuniambia nitoke?" aliuliza.

Abdias alivua kofia.

"Ulisema nisitoke mpaka uniambie," Hadassa alisema taratibu, bila hasira, na kukosa hasira huko ndiko kulikomwua mzee. "Nilingoja. Mathe alianza homa Jumapili. Jumatatu nilitaka nikuambie, foni ikakatika."

"Haikukatika," alisema Abdias. "Mimi nilikata."

Godelive ndiye aliyemaliza habari, maana Hadassa hakuweza. Jumanne asubuhi muuguzi wa zahanati naye alikimbia, lakini alisimamisha lori mbele ya nyumba, akasema mtoto apandishwe, atamtibu njiani na Butembo kuna dawa. "Mimi mwenyewe nilimwambia: mwanangu, panda! Nilimusukuma na hii fimbo yangu," kikongwe alisema. "Akasema papa yake hajamwambia. Lori ikaenda. Mimi niko na muguu moja, ningemubeba naye? Mutoto alikufa Alhamisi, saa nane. Tulimuzika na bazee babili benye kubaki."

Alhamisi saa nane. Abdias aliijua saa hiyo: ndiyo saa treni yake ilipoanguka mezani. Aliketi chini, palepale kwenye vumbi, pembeni ya mkeka, akashika kichwa.

"Nilikosa, mwanangu," alisema. "Nilikuwa naamuru kitu nisichokiona. Nilikosa, unisamehe."

Hadassa hakusema kwamba amemsamehe, wala hakusema hapana. Mzee aliuliza swali lililomchoma tangu Maboya.

"Alifanana na nani?"

Hadassa alitafuta jibu, mikono yake ikikunjua kitenge na kukikunja tena.

"Alikuwa na masikio yako," alisema, na hapo ndipo kilio kilipomtoka.

Vita havikuingia Beni. Baada ya juma moja watu walirudi na magodoro yao, muuguzi akafungua zahanati, na mwenye foni akawasha mtambo wake. Waliposikia ushauri aliompa binti yake, majirani wengi walimsifu Abdias. Walimwambia kwamba alikuwa mtu wa akili, kwamba wao waliporwa njiani bure, kwamba wangemsikiliza yeye wasingepoteza hata sufuria. Sifa hizo zilimwumiza kuliko matusi. Ni kweli, juu ya vita hakukosea hata chembe. Aliona kichwa cha treni sawasawa; mkia hakuungoja.

Hakurudi Butembo. Ndugu wa Salomon, watu wema, walimwonyesha kiwanja mtaa wa pili, mahali pa juu penye upepo na mandhari, wakasema pale ndipo panapomfaa mzee wa heshima. Alikataa. Aliomba pembe ya ua wa binti yake, karibu na jiko, mahali penye matope wakati wa mvua. Alisimama pale siku nzima akipima kwa macho: aone mlango wa nyumba, aone njia ya zahanati, asikie mtu akikohoa. Kisha akajenga chumba kimoja cha mianzi na udongo, hatua kumi na mbili kutoka kizingiti cha Hadassa. Desturi ya baba yake haikuvunjika, kwa kuwa hakulala chini ya paa la mkwe wake hata usiku mmoja. Kumbe miezi yote ile ilitaka hatua kumi na mbili tu!

Hawazungumzi sana, baba na binti. Salomon hajarudi mpaka leo, na chumba cha nyuma hakina mtu. Kila jioni, kabla ya kufunga mlango wake, mzee huita, "Hadassa?" naye hujibu, "Niko, papa," basi, kila mmoja anaingia ndani kwake. Ukipita njia ile utadhani ni watu wasiokuwa na la kuambiana.

Mathe hakukosa babu mwenye mapenzi, wala hakukosa shauri lililotoka kinywani mwa mtu mwenye akili. Alikosa mikono miwili ya kumpandisha kwenye lori Jumanne asubuhi, na mikono hiyo ilikuwa Butembo, inaota moto. Fimbo ya mbali haiui nyoka.